Kama Huwezi Kuizima, Usiiwashe

Leo sina habari za bumu, wala za foleni ya bwaloni, wala za wagombea wa serikali ya wanafunzi wanaotuamsha na spika zao alfajiri. Leo nina ugomvi. Na ugomvi wenyewe unahusu kitu kidogo sana, kidogo kiasi kwamba nilipowaambia wenzangu wa chumbani kwamba nitakiandikia makala walinicheka. Wacheke tu, nitawajibu humu humu.

Hoja yangu hii hapa. Mwalimu wa leo ambaye hawezi kuwasha na kuzima picha ya kompyuta yake kwenye projekta au televisheni, kwa sekunde mbili tatu, bila kumwita mtu, hajamaliza kujifunza kazi yake. Ni sawa na mwalimu asiyejua kufuta ubao. Tena angalieni vizuri nilivyosema: kuwasha NA kuzima. Watu wote wanaongelea kuwasha. Mimi kilio changu kikubwa kiko kwenye kuzima, nitafika huko.

Tuanze na hesabu, maana sisi Waswahili bila hesabu hatuaminiani. Muhula huu niliamua kupima kwa saa ya simu yangu, kipindi kimoja, wiki tano mfululizo. Kipindi ni cha saa mbili, ukumbi una watu kama 300. Nilianza kuhesabu pale mhadhiri alipochomeka waya, nikaacha pale slaidi ya kwanza ilipoonekana ukutani. Wiki ya kwanza dakika 14. Ya pili 9. Ya tatu 21. Ya nne 11. Ya tano 20. Jumla dakika 75 kati ya dakika 600. Yaani sehemu moja ya nane ya somo imeliwa na waya. Sasa zidisha kwa vichwa 300 vilivyokaa vikisubiri: dakika 22,500, ambazo ni saa 375. Siku kumi na tano na ushee, usiku na mchana, za ujana wa watu. Ada hatukulipa saba ya nane jamani, tulilipa nzima.

Na sisi wanafunzi tusijitoe kwenye lawama. Tumezizoea zile dakika. Projekta ikigoma, ukumbi mzima unaingia kwenye simu, wa nyuma wanapiga soga, wa mbele wanamalizia usingizi. Hakuna anayekasirika. Siku mhadhiri akichelewa dakika 20 kwa miguu tunanung'unika, lakini akichelewa dakika 20 huku amesimama mbele yetu anahangaika na waya, tunamwonea huruma! Hivi tofauti ni nini?

Sasa tuone huo mlima wenyewe una urefu gani. Ukichomeka waya, kompyuta na skrini husalimiana. Skrini inajitambulisha: mimi ni fulani, picha ninazoweza kuonyesha ni za ukubwa huu na huu. Kompyuta ikishasikia, wakati mwingine inatoa picha yenyewe, wakati mwingine inasubiri uiambie unataka nini. Hapo ndipo wengi wanapokwama, wanadhani waya peke yake unatosha. Si kila mara. Ni lazima ujue kusema.

Kusema kwenyewe ni hivi. Tangu Windows 7 ilipotoka mwaka 2009, unabonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi P. Basi. Inakuja orodha ya mambo manne. La kwanza, skrini ya kompyuta peke yake: ukutani hakuna kitu. La pili, rudufu: unachokiona wewe ndicho wanachokiona wao. La tatu, panua: ukuta unakuwa kama meza ya pili pembeni ya meza yako, kila moja na vitu vyake. La nne, skrini ya pili peke yake: kwako giza, kwao picha. Unateremka kwa mishale, unapiga Enter. Wenye Ubuntu yenye mwonekano wake wa kawaida, P hiyo hiyo inawafaa.

Zamani kulikuwa na kisingizio, nakubali. Kila kampuni ilikuwa na kitufe chake. Unashika Fn halafu F4 kwenye HP, F5 kwenye Toshiba, F7 kwenye ThinkPad, F8 kwenye Dell, ukikosea unazima mwanga wa skrini au unalaza mashine. Na kabla ya hapo kulikuwa na matundu ya S-Video na ya AV, unaingia kwenye madirisha ya kadi ya picha, unaulizwa PAL au NTSC, ukichagua NTSC kwenye televisheni ya huku kwetu unaweza kupata picha isiyo na rangi, au inayopanda na kushuka kama lifti. Enzi hizo ungeniambia "hii ni kazi ya fundi" ningenyamaza. Lakini leo? Vitufe viwili! Tangu 2009! Kuna watoto waliozaliwa mwaka huo ambao sasa wako sekondari, wanasubiri sisi tukawafundishe.

Halafu kuna hoja ya bibi yangu. Msicheke. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, mikoa mingine ikafuata kwa zamu, nchi ikahamia kwenye ving'amuzi. Bibi yangu yuko kijijini, ana televisheni ya kichogo. Alipoletewa king'amuzi akaonyeshwa mara moja: waya wa njano ni picha, mweupe na mwekundu ni sauti, ukimaliza bonyeza mpaka iandike AV. Mara moja tu. Mpaka leo umeme ukikatika na kurudi, anahamisha mwenyewe kwenda AV bila kuita mjukuu. Kwa nini alijifunza? Kwa sababu alitaka kuona taarifa ya habari. Basi. Sasa mtu mwenye shahada tatu anaponiambia "mimi sio mtu wa kompyuta, kijana wa mitambo yuko wapi?", mimi namwangalia tu. Kijana wa mitambo yuko jengo la tatu, anahudumia kumbi nyingine sita zenye tatizo hilo hilo.

Najua mtanijibu kwamba mitambo ni mibovu. Ni kweli, mingine mibovu. Kichwa cha waya wa VGA kikipinda jino moja unaweza kupata ukuta wa rangi ya waridi au ya manjano. Projekta inaweza kuwa imeelekezwa kusikiliza tundu jingine, hapo itabidi ubonyeze kitufe cha kuchagua chanzo. Lakini katika zile wiki tano nilikuwa nakaa safu ya pili, naona kila kitu. Wiki moja tu waya ndio ulikuwa na kosa. Wiki nne picha ilikuja pale pale mtu mmoja aliponyanyuka akabonyeza P. Tunaisingizia mitambo dhambi zetu.

Sasa nije kwenye kuzima, ambako ndiko roho inaniuma.

Muhula uliopita mhadhiri wetu mmoja, somo silitaji na jina silitaji, alikuwa anafundisha vizuri tu. Katikati ya kipindi mwanafunzi mmoja akamwuliza kama alama yake ya testi imeonekana, maana alikuwa amesahau kuandika namba. Mhadhiri, kwa wema kabisa, akatoka kwenye slaidi akafungua faili la Excel amtafutie. Picha ilikuwa bado iko ukutani. Majina yote, alama zote, za watu 300, kwa herufi kubwa kama bango la sinema. Alikuwa anashusha orodha taratibu, kichwa ameinamisha kwenye laptopu yake, haangalii ukuta. Sisi tulikuwa tunaangalia ukuta.

Rafiki yangu alikuwa amepata 4 kati ya 20. Jamaa mmoja wa nyuma akaisoma kwa sauti, jina na alama. Ukumbi ukacheka. Sio wote, lakini ukumbi ukicheka unasikika wote. Yule dada akachukua begi lake akatoka kwa mlango wa pembeni. Hakuonekana kipindini wiki mbili, na aliporudi aliniambia alikuwa ameshaanza kuulizia fomu za kuhama kozi. Mtu aliyekuwa anafiwa nyumbani wakati wa ile testi, ambalo darasa halikulijua, na wala halikuwa na haki ya kulijua. Mhadhiri alipopata alama aliyokuwa anaitafuta akasema "haya, tuendelee". Nadhani mpaka leo hajui kilichotokea.

Simwiti mtu mbaya. Alikuwa anasaidia. Lakini wema bila ujuzi umemvua mtu nguo mbele ya watu 300, na ujuzi uliokosekana ni wa vitufe viwili. Windows na P, mstari wa kwanza, Enter. Ukuta unakuwa mtupu, unafungua unachotaka, unafunga, unarudisha. Taa ya projekta haijaguswa, inaendelea kuwaka, husubiri ipashe moto upya. Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tunaisikia ikitajwa kwenye semina, wazungumzaji wanavaa suti. Alama ya mtu ni taarifa yake. Kama sheria hiyo haifiki kwenye kibodi ya mwalimu, basi imeishia kwenye suti.

Na nawaomba msichanganye mambo. Wapo wanaojua kwamba ukiwa ndani ya maonyesho ya PowerPoint ukibonyeza B picha inakuwa nyeusi, ukibonyeza tena inarudi. Safi sana, tumieni. Lakini B inafunika slaidi tu. Ukitoka kwenye maonyesho, kila kilichopo mezani kwako kiko ukutani: barua pepe, ujumbe wa mkeo, deni la kikoba. Kinga ya kweli ni kuchagua mwenyewe nini kinatoka nje ya mashine. Na kinga bora zaidi ni ule mstari wa tatu, panua. Ukipanua, ukutani kunakwenda slaidi peke yake, na kwenye laptopu yako unabaki na maelezo yako na saa yako. Ukifungua faili jingine linabaki kwako mpaka ulivute mwenyewe uhamishie upande wa pili. Wengi wanaogopa kupanua kwa sababu mshale wa kipanya "unapotea". Haujapotea, umetembea ukaingia ukutani. Uvute urudi nyumbani.

Kuna sababu nyingine ya kuzima, hii ni ya kazi yetu ya ualimu hasa. Picha ikiwa ukutani, mwalimu hayupo. Jaribu uone. Weka slaidi yenye mistari kumi halafu anza kueleza jambo. Watu 300 wanaandika ile mistari, hakuna anayekusikiliza. Ukisema "kwa hiyo tumeelewana?" wanajibu "ndiyooo" huku wako mstari wa sita. Izime. Ghafla shingo zinageuka, macho yanakutafuta. Ukuta mtupu unafundisha pia.

Nimeliona hilo kwa macho yangu nilipokwenda TP mwaka jana, shule ya kata, mbali na lami. Hakuna projekta. Walimu wenyeji wakaniambia, "Mwalimu, hayo mambo ya picha utayaacha huko huko chuoni." Lakini ofisini kulikuwa na televisheni ya inchi 21, ya kichogo, ya kuangalizia Bunge na mpira. Nilikuwa nimebeba kisanduku kidogo nilichonunua Kariakoo kwa elfu ishirini, kinachopokea HDMI ya laptopu na kutoa nyaya zile zile tatu za bibi: njano, nyeupe, nyekundu. Hapa niwatahadharishe wanaotaka kununua: lazima kiwe kisanduku kinachotumia umeme, na kiandikwe kwamba kinatoka HDMI kwenda AV. Wauzaji wanauza pia waya mtupu wenye HDMI upande mmoja na pini tatu upande wa pili. Huo hautafsiri kitu, utapoteza hela. Na msichukue kile cha AV kwenda HDMI, ni njia ya kinyume.

Mkuu wa shule, mzee mmoja mpole, nikamwomba televisheni kwa shikamoo na heshima zote, akanipa kwa vipindi viwili kwa wiki. Nilikuwa nafundisha Jiografia kidato cha tatu, tuko kwenye volkano. Darasa lina wanafunzi 70, kioo inchi 21. Haiwezekani wote waone kwa pamoja, kwa hiyo niliwaita mbele kwa mafungu matatu, kila fungu dakika nne. Televisheni ya zamani ya PAL ina mistari 625, inayoonekana ni pungufu ya hapo, kwa hiyo herufi ndogo zinakuwa ukungu. Sikuweka maneno. Niliweka picha: Ol Doinyo Lengai, mlima wetu huu huu wa Arusha, unaotoa lava ambayo duniani hakuna volkano nyingine hai inayotoa kama hiyo, lava nyeusi nyepesi inayotiririka kama uji na ikishapoa siku chache inageuka nyeupe. Fungu likishaona, nazima. Haya, mmeona nini? Kwa nini kileleni ni kweupe, ni theluji? Wanabishana. Namwita mmoja achore ubaoni. Ndipo nawasha tena, wanalinganisha mchoro na mlima.

Washa, zima, washa. Bila zile sekunde mbili mbinu hiyo haifanyiki. Ningekuwa nahangaika dakika kumi kila nikitaka kurudisha picha, nisingeizima kamwe, na wangebaki wanatazama televisheni kama wanavyotazama mpira. Na kuna siku umeme ulikatika katikati. Hatukulia. Mlima ulikuwa ubaoni tayari.

Kwa hiyo wale wanaosema "tusubiri serikali ilete projekta" nao nina ugomvi nao. Vijiji vingi hivi sasa vina televisheni kuliko vina projekta. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, sisi wa Bara tukasubiri mpaka 1994, lakini sasa ziko mpaka vibanda vya kunyolea. Kioo kipo. Kinachokosekana ni mwalimu anayejua kukisemesha. Na huyo mwalimu anatoka wapi kama hapa tunapofundishwa ualimu hatumwoni?

Maana hebu niambieni. Tuna somo zima la teknolojia ya elimu. Nimekariri vizazi vya kompyuta, kizazi cha kwanza mirija, cha pili transista. Nimeandika kwenye mtihani faida saba na hasara sita za kutumia projekta darasani. Nimefaulu. Hakuna siku hata moja niliyoitwa mbele nikaambiwa: huu waya, ile projekta, una dakika tatu, washa, zima, rudisha, tukuone. Tunajua faida saba za kitu ambacho hatujui kukiwasha. Ni kama kumfundisha mtu kuogelea kwa kumwimlisha aina za maji.

Sasa nimesema vya kutosha, mtasema huyu analalamika tu. Haya mapendekezo yangu, hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

Kwanza, kila meza ya mhadhiri ibandikwe karatasi moja yenye mistari mitatu: chomeka waya, chagua chanzo kwenye projekta, Windows na P. Gundi na karatasi, hata sisi tutachanga.

Pili, mhadhiri afike ukumbini dakika tano kabla. Kuchomeka waya mbele ya watu 300 kunamtia mtu jasho hata kama anajua.

Tatu, iwe mwiko, narudia mwiko, kufungua barua pepe au orodha ya alama huku picha iko ukutani. Na wanafunzi tukiona inafunguliwa, mmoja anyooshe mkono aseme kwa adabu, "Samahani mwalimu, ukuta unaonyesha." Badala ya kusoma kwa sauti. Yule jamaa wa nyuma anajijua.

Nne, somo letu la teknolojia ya elimu liwe na mtihani wa mikono kabla ya TP. Dakika tatu kila mtu. Asiyeweza arudie, kama tunavyorudia sapu nyingine.

Wenzangu wa chumbani waliocheka: wawili kati yenu mnakwenda TP mwezi wa saba. Kisanduku changu kipo, nitawaazima kwa zamu. Ila sharti ni moja, atakayekichukua anionyeshe kwanza kwamba anajua kuzima.

Naomba kutoa hoja. Wanaonipinga waje, ila waje na hoja, wasije na "mimi sio mtu wa kompyuta".